Google Maps, Kurviger, OsmAnd au Organic Maps: ipi ya kupangia safari ya kona kona Pemba?

Anayetaka kutoka Chake Chake kufika Konde upesi hana haja ya kusoma haya: apande daladala, au ashike barabara kuu asitazame kando. Ulinganisho huu ni wa mwenye haja nyingine. Amekodi vespa, au ameazimwa gari na mjomba wake siku ya Idi Pili na watoto wamejaa kiti cha nyuma, au kafikiwa na mgeni kutoka Dar na hataki kumpitisha njia ya kila siku. Anataka ashuke mabondeni kwenye mpunga, apande vilima vya mikarafuu, bahari imchungulie mara kulia mara kushoto, na magharibi imkute yuko nyumbani. Mtu huyo akifungua simu anakuta programu za ramani chungu nzima, na kila moja inajisifu.

Zinazofaa kushindanishwa hapa ni nne. Google Maps tayari imo kwenye simu nyingi. Kurviger ni ya Wajerumani, imetengenezwa mahsusi kwa waendesha pikipiki wanaopenda kona. OsmAnd na Organic Maps zote mbili hufanya kazi bila intaneti kwa kutumia ramani ya OpenStreetMap, mradi ulioanzia Uingereza mwaka 2004, ambao ramani yake huchorwa na watu wa kujitolea. Na Kurviger pia inasoma ramani hiyo hiyo ya OpenStreetMap. Kwa hiyo, ukilitazama vizuri, tunashindanisha ramani mbili tu zinazosomwa na vichwa vinne tofauti.

Kwa Pemba mimi naegemea OsmAnd, na nalisema mapema ili asiye na muda asisumbuke kufika mwisho. Sababu kubwa haimo hata ndani ya programu yenyewe. Imo katika jinsi barabara za kisiwa zilivyokaa.

Kisiwa kisichozungukika

Pemba ina urefu wa kilomita 67 hivi na upana wa kama 22, lakini pwani yake imeliwa na hori na mikoko, hasa upande wa magharibi. Barabara zake zimekaa kama mifupa ya samaki: uti wa mgongo unatoka Mkoani, unapita Chake, unakwenda hadi kaskazini, halafu miiba inachomoza kando kwenda Wesha, Ras Mkumbuu, Pujini, Gando, Kigomasha. Ukishaingia kwenye mwiba, utarudi na mwiba huo huo. Njia za kuzunguka ni chache. Wete unaweza kwenda kwa barabara ya zamani na kurudi kwa ile inayokwenda Konde. Mashariki ipo barabara ya Ole hadi Kengeja, inayokuepusha na uti wa mgongo kwa masafa marefu. Zaidi ya hizo, unaingia kwenye njia za vijijini.

Hapo ndipo Kurviger inapopata taabu, ingawa kwa sifa ndiyo yenye jina kubwa kuliko zote katika mambo ya kona. Kazi yake ni kupima mstari wa kila barabara umejipinda kiasi gani, kisha kuzipa kipaumbele zile zilizojipinda na kuzikwepa barabara kuu na miji. Wewe unachagua daraja: ya haraka kabisa, ya haraka yenye kona kiasi, ya kona, au ya kona kupindukia. Kule ilikozaliwa, baina ya miji miwili midogo unaweza kukuta barabara za lami kadhaa, na uchaguzi ni uchaguzi kweli. Huku, baina ya Chake na Wete, barabara za maana ni mbili, na zote mbili zina kona kwa sababu ardhi yenyewe ni vilima na mabonde. Mhandisi hakuwa na pa kuinyooshea. Ukiibonyeza daraja la juu itahangaika kutafuta pa kukupeleka, na ikikosa barabara itaridhika na njia ya gari ya ng'ombe. Kwenye ramani nayo ni mstari, tena mstari uliojipinda vizuri. Kipo kitufe cha kuzuia njia zisizo na lami, nacho kinasaidia pale tu aliyechora ramani aliandika kuwa njia ile ni ya udongo. Hilo nitalirudia.

Kitu kingine kinachosifiwa sana Kurviger ni safari ya mzunguko. Unaipa mahali pa kuanzia, urefu unaoutaka na upande, nayo inakuchorea duara la kukurudisha ulipoanzia. Iambie ikutoe Chake kilomita 80 kuelekea magharibi uone itakachokuletea. Magharibi ya Chake ni hori.

Siitupi, hata hivyo. Tovuti yake ukiifungua kwenye kompyuta ndiyo meza nzuri ya kupangia kuliko zote nne. Unauvuta mstari kwa kidole cha panya mpaka ukae unapotaka, chini yake unaona mchoro wa miinuko na miteremko, halafu unaitoa njia yako kama faili la GPX, yaani faili dogo lenye mstari wa njia ambalo programu nyingi za ramani hulisoma, na kuihamishia programu nyingine. Kupanga unaanza bure. Kuongozwa kwa sauti kwenye simu ndiko kunakohitaji kulipia, na kwa safari za Pemba sioni haja ya kutoa pesa hiyo.

Google inajibu swali ambalo hukuliuliza

Ubaya wa Google Maps kwa safari ya matembezi ni kwamba imezaliwa na swali moja kichwani: utafikaje upesi? Ukiingia kwenye mipangilio yake unaweza kuiambia iepuke barabara kuu za mwendo kasi, iepuke za kulipia, iepuke feri. Barabara kuu za mwendo kasi Pemba hazipo, wala za kulipia, kwa hiyo vitufe hivyo huku ni pambo. Cha kuomba kona hakipo. Cha kukwepa udongo hakipo pia.

Ipo njia ya kuilazimisha. Unaongeza vituo katikati, na inakubali hadi 9. Unaweka kimoja barabara ya zamani ya Wete, kingine Konde, kingine Tumbe sokoni kwenye samaki, nayo haina budi kukufuata. Kazi inafanyika, ila kila kituo itakitangaza kama umefika safari yako, na ukikibandika kidogo nje ya barabara itakutaka uingie uchochoroni ukakitafute. Kwenye kompyuta unaweza kuuvuta mstari kama wa Kurviger. Tatizo ni kuuhamisha: ukifika kwenye simu, Google hupenda kujikokotolea upya na kukurudisha kwenye barabara ya haraka.

Halafu kuna suala la bando. Google unaweza kuipakulia eneo zima la Pemba kabla ya kutoka, na hilo lifanye hata kama hutumii programu nyingine. Lakini ikiwa nje ya mtandao inakupa njia ya gari tu, bila hali ya msongamano na bila njia mbadala. Kwa msafiri wa kawaida si hoja. Kwa mtu ambaye safari yake yote ni njia mbadala, umebaki na nusu ya chombo.

Inapozishinda zote tatu ni kwenye picha za setilaiti. Kabla ya safari nyingine yoyote ya shamba, fungua picha hizo uikuze njia unayoikusudia mpaka uone rangi yake. Lami inaonekana nyeusi au ya kijivu yenye kingo zilizonyooka. Udongo wa Pemba ni mwekundu na hauwezi kujificha. Mchanga ni mweupe. Ukiona mstari mwekundu unakatika chini ya minazi na kuibuka tena mwembamba zaidi, hiyo ni njia ya mguu. Picha inaweza kuwa ya zamani, lakini ni nadra barabara ya lami kugeuka udongo. Ni kinyume chake ndicho kinachotokea.

Na ukitaka kujua duka, mgahawa au kituo cha mafuta kiko wapi, usisumbuke na programu nyingine. Google ina majina, picha na maoni ya watu. Za OpenStreetMap zina sehemu hizo kidogo, na mara nyingi bila saa za kufungua.

OsmAnd kwa karibu: Konde hadi Kigomasha

Chukua kipande kimoja ambacho kila mtu anakipenda, kutoka Konde kuingia msitu wa Ngezi hadi ncha ya kaskazini magharibi. Ndani ya OsmAnd kuna sehemu ya kupanga njia. Unagusa Konde, unagusa geti la Ngezi, mstari unajichora baina yao kwa kufuata barabara. Unaendelea kugusa. Ukishautoka msitu njia zinaachana: upande wa mashariki Vumawimbi, upande wa magharibi Verani, na mbele kabisa Ras Kigomasha penye mnara wa taa wa chuma uliosimamishwa mwaka 1900. Programu nyingine zitakutaka useme unakwenda kwa gari, pikipiki au miguu kwa safari nzima. OsmAnd inakuruhusu kubadilisha kila kipande peke yake. Kwa hiyo unaweka pikipiki mpaka pale mchanga unapoanza, nukta moja mahali pa kuiacha vespa kivulini, halafu kutoka hapo mpaka baharini unaweka miguu. Na kama njia unayoijua haimo kabisa kwenye ramani, unachora mstari mnyoofu kutoka nukta hadi nukta na inakubali.

Unahifadhi, inakuwa faili la GPX. Siku ya safari unaiambia ifuate faili hilo. Ukitoka nje ya mstari, kwa mfano umesimama kununua shokishoki, inakurudisha kwenye mstari wako badala ya kukubunia njia mpya ya mkato. Tofauti hii ndiyo iliyonifanya niegemee huku. Mwenye njia ni wewe, programu inashika tochi tu. Na faili lile lile unaweza kumtumia mwenzako kwa WhatsApp akalifungua kwenye simu yake mkafuatana, hata kama yeye ana vespa na wewe una gari.

Yote hayo yanafanyika bila intaneti. Wapo wanaodhani bando likiisha na mahali pao panapotea kwenye ramani. Simu hupokea ishara za GPS moja kwa moja kutoka angani, bure. Kinachohitaji bando ni picha ya ramani yenyewe, na hiyo umeshaipakua nyumbani. Kwenye miti mikubwa ya Ngezi nukta yako inaweza kuyumba kidogo kando ya barabara, lakini humo barabara ni moja na huwezi kupotea.

Kasoro zake zipo, tena za kuudhi. Menyu zake zimejazana mpaka mtu mzima anatafuta kitufe kimoja robo saa. Kwenye simu ya zamani ramani inajichora polepole. Kutafuta mahali kwa jina kunahitaji subira, kwani jina likiandikwa tofauti kidogo na ulivyozoea halitokei. Toleo la bure la Android lina kikomo cha idadi ya ramani za kupakua, ingawa mwenye kutaka Zanzibar tu kikomo hicho hakimgusi; mistari ya miinuko ni nyongeza ya kulipia.

Organic Maps ni ndugu yake mpole. Waliianzisha baadhi ya watu waliowahi kuitengeneza Maps.me, programu nyingine ya ramani, baada ya programu ile kuuzwa. Ni bure, haina matangazo, ni nyepesi, na hata mama yangu mkubwa anaweza kuitumia. Unaweka vituo vyako, unaiambia iepuke njia zisizo na lami, unaondoka. Faili la GPX inalipokea na kulionyesha kama mstari wa rangi juu ya ramani, ila haitakuongoza kwa sauti juu ya mstari huo. Utaufuata kwa macho. Kwa gari lenye mtu wa kukaa kiti cha mbele na kushika simu, hilo linatosha kabisa. Kwa vespa halitoshi.

Lami, udongo, mchanga

Suala hili linaamua mengi kuliko kona. Kwenye OpenStreetMap kila barabara inaweza kuandikiwa uso wake ni wa nini. Ikiandikwa, programu zote tatu zinazoisoma ramani hiyo zinajua. Isipoandikwa, zinakisia kwa kutazama daraja la barabara, na kukisia kwenye njia za shamba za Pemba ni bahati nasibu.

Zanzibar si kwamba imesahauliwa. Mwaka 2016 ulianza mradi wa kuvipiga picha visiwa vyote kwa droni, ukiongozwa na Kamisheni ya Ardhi pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Ndiyo maana ukiikuza ramani ya OpenStreetMap unakuta hata nyumba moja moja za kijijini zimechorwa. Lakini picha ya kutoka juu haikwambii kama bonde lile linajaa maji wakati wa masika, baina ya Machi na Mei. Wala programu yoyote kati ya hizi nne haijui masika ni nini. Njia inayopitika vizuri Januari unaweza kuikuta Aprili imegeuka dimbwi, na ramani haitabadilika hata nukta.

Kwa hilo dawa ni ile ya zamani. Simamisha chombo penye baraza.

"Assalaam alaykum, mzee wangu. Njia hii yatoka mpaka pwani?"

"Waalaykumu salaam, mwanangu. Yatoka. Lakini gari hiyo haipiti, juzi mvua."

"Na vespa?"

"Vespa utapita nayo. Utaisukuma wewe, si yenyewe kukubeba."

Jibu la namna hiyo unaweza kulirudisha kwenye ramani mwenyewe. Ipo programu ndogo ya Android inayoitwa StreetComplete, inayokuuliza maswali mepesi kuhusu barabara uliyosimama: ni lami, udongo au mchanga? Unajibu kwa kugusa picha, na jibu lako linaingia OpenStreetMap. Atakayepakua ramani baadaye, awe na OsmAnd au Organic Maps, atalikuta. Google nayo inapokea marekebisho kutoka kwa watu, ila huyaamua yenyewe.

Jambo jengine la kuangalia ni barabara zilizojengwa upya. Ya Chake kwenda Mkoani na ya Chake kwenda Wete zimepitiwa na kazi kubwa miaka hii ya karibuni, pengine zimepanuliwa, pengine zimesogezwa kidogo. Ramani uliyopakua mwaka jana haiyajui hayo. Isasishe ukiwa bado una Wi-Fi, kwa programu yoyote utakayoichagua.

Kuhusu saa za kufika

Hapa zote zinakosea, na kwa namna moja. Zinahesabu kana kwamba hutasimama. Google ina faida ya hali ya msongamano pale penye simu nyingi barabarani, yaani mjini. Kwenye vijiji vya kaskazini faida hiyo inayeyuka. Msimu wa karafuu majamvi yanaanikwa kando ya lami na mtu mwenye adabu anapunguza mwendo. Ijumaa kuanzia saa sita mchana karibu na misikiti mwendo ni wa miguu. Jioni watoto wanatoka chuoni kwa makundi. Mimi muda wowote ninaopewa na programu nauzidisha mara mbili, na bado naondoka Chake saa mbili asubuhi nikikusudia Kigomasha, kwa kuwa gari za ng'ombe hazina taa na kurudi usiku kwenye kona zile si starehe tena. Mafuta nayo jaza Chake au Wete kabla ya kuelekea kwenye miiba.

Basi nani achukue ipi

Mwenye vespa au pikipiki anayekwenda peke yake: panga kwa Kurviger kwenye kompyuta ukiwa umechagua daraja la kona la kati, kagua rangi ya njia kwa picha za Google, peleka GPX kwenye OsmAnd. Kazi ni ya jioni moja.

Familia ndani ya gari: Organic Maps, na mtoto mkubwa ashike simu. Kitufe cha kuepuka njia zisizo na lami kiwashwe, hasa kama gari ni ya watu.

Anayepokea wageni na kuwaonyesha njia ile ile kila mara: OsmAnd, bila mjadala, kwa sababu faili ukilitengeneza mara moja unalo.

Asiyetaka kujifunza kitu kipya: Google yenye vituo, aipakue Pemba nzima kabla, na akubali kuambiwa "umefika" mara nyingi kuliko anavyofika.

Unguja jibu linabadilika. Kule ardhi ni tambarare zaidi, lakini barabara za lami ni nyingi na zinakatana, hasa ukanda wa Bububu, Kidichi penye hamamu la Seyyid Said la mwaka 1850, Kizimbani na Mahonda hadi kuelekea Mkokotoni. Hapo Kurviger inapata cha kuchagua, na daraja lake la kati linaweza kukupitisha kwenye mashamba ya viungo ambayo Google isingekuonyesha. Upande wa kusini mashariki hali ni nyingine: barabara ya kupita Jozani kwenda Paje imenyooka, na hakuna programu ya kuipinda. Huko Google inatosha. Punguza tu mwendo kwenye matuta ya Jozani, yamewekwa kwa ajili ya kima punju wanaovuka.